Ndege nyuki (droni) zenye mnara wa simu: tuzinunue, au tuanze na betri za minara?

Mtoa mada, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yalipoifukia Katesh, shemeji yangu alikuwa huko. Nilipiga simu siku nzima, hapatikani. Kumbe mzima, ila mtandao hana.

Siku hizi kuna ndege nyuki zinazobeba mtambo wa mnara: inapaa juu ya eneo la maafa, simu za kawaida zinashika. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, walirusha moja Puerto Rico mwaka 2017 baada ya kimbunga Maria. Wachina nao, kwenye mafuriko ya Henan mwaka 2021, walirusha kubwa iliyohudumia kama kilomita za mraba 50 kwa saa tano hivi. Nasema serikali inunue mbili, zikae hapa Moshi, zihudumie na Arusha na Manyara. Mnasemaje?

Fundi minara, Njiro
Mkuu, hiyo ndege ni nguzo tu. Sauti yako ikishafika kwenye ndege, inaenda wapi? Lazima iungwe na mtandao mkuu, kwa setilaiti au kwa mnara jirani uliobaki hai. Halafu zile za betri ni dakika chache, inashuka. Ndiyo maana ile ya Puerto Rico ilifungwa waya unaopandisha umeme kutoka chini, kama mbuzi kwenye kamba. Waya unataka jenereta, jenereta inataka gari, gari linataka barabara, na barabara ndiyo imekwenda na maji.

Nimepanda minara miaka tisa. Mingi haianguki, inazimika tu: umeme umekatika, betri zimechoka (au zimeibwa, tusifichane), dizeli haijafika. Hela hiyo nunua betri za minara.

Mama wa Kibosho
Fundi mwanangu, habari ya betri tunaisikia kila masika. Mwaka jana umeme ulikatika jioni, mnara ukafa hata saa nne usiku haijafika, na mjukuu amebanwa na pumu. Bodaboda tulimfuata kwa miguu, kwenye tope. Iwe ndege, iwe betri, mimi nataka kujua nani anaulizwa mnara ukizima.

Mpagazi, Marangu
Na mlimani Kilimanjaro je? Moto wa Oktoba 2020 mnaukumbuka. Kambi ya Horombo ni mita 3,720, hewa nyepesi, mapanga ya ndege yanazunguka lakini hayanyanyui mzigo kama huko mjini. Na upepo wake!

Mtoa mada, Moshi
Mama, pole sana. Fundi, kwa mnara uliosimama nimekubali, betri kwanza. Ila matope yakiuzoa mnara wenyewe, betri utaifunga wapi? Na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) cha kurusha kiwepo kabla ya mvua, siyo tuanze kuandika barua watu wakiwa chini ya tope.

Fundi minara, Njiro
Kwenye kibali tuko pamoja. Basi iwe moja, ya waya, na gari lake. Na dizeli ya hilo gari nani anashika ufunguo?