Milango ya kabati ya kuzama ndani ya fremu: nifunge bawaba gani?

Fundi wa Jioni
Wakuu, habari za humu. Mimi si fundi, najifunza tu nikitoka kazini. Nimeunda kabati la vyombo la mninga lenye fremu mbele na milango miwili: kila mmoja urefu sentimita 70, upana 38, unene milimita 20. Nataka milango izame, iwe sawa na uso wa fremu. Nilinunua bawaba za kikombe, zile za kujificha. Mlango wa kwanza umegoma kuingia, unataka kulalia fremu. Muuzaji aliniambia zote ni zilezile. Nimekosea wapi? Niko Tanga.

Kipimo Mara Mbili
Si zilezile mkuu. Tazama mkono wa bawaba. Ulionyooka ni wa mlango unaolalia ubavu wa kabati. Uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubao wa katikati. Uliopinda sana, kama shingo ya bata, ndio wako. Kikombe chake ni kilekile cha milimita 35, kwa hiyo mashimo uliyotoboa hayajaharibika. Ila kama fremu imeingia ndani kuliko ubavu wa kabati, gongomea kipande cha mbao nyuma yake ili kitako cha bawaba kipate pa kukaa.

Mzee wa Randa
Mninga halafu bawaba ya kikombe! Hiyo waachie watu wa MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao. Ukifungua kabati zuri hivyo unakutana na dude la chuma limekaa kama taya. Weka bawaba za kawaida za brasi, inchi mbili na nusu, mbili kila mlango, uzichimbie kwa patasi. Chora mstari kwa kisu, si kwa penseli. Funga skrubu moja moja kwanza, ujaribu mlango, ndipo umalizie. Skrubu za brasi hukatika kichwa, kwa hiyo tangulia na ya chuma ya saizi ileile ifungue njia, uitoe, kisha ya brasi uipake sabuni. Milango ni ubao mzima au ina paneli?

Kipimo Mara Mbili
Mzee, kwa anayeanza ile ya kikombe ina skrubu za kurekebisha: kushoto, kulia, juu, chini. Ya kwako ukikosea ndiyo imetoka.

Fundi wa Jioni
Shikamoo mzee. Ni mbao tatu nimeziunga kwa gundi.

Mzee wa Randa
Marahaba. Basi huo mlango utatanuka kwa upana, urefu hauna neno. Mninga ni mtulivu kuliko mbao nyingi, lakini hapo pwani, kama umeupima wakati wa jua kali, masika utakubana. Acha milimita 3 kila upande na katikati milango inapokutana. Ukingo wa kufungia upige randa kidogo uelekee ndani, usije ukakwaruza fremu.

Bi Patasi
Naongezea: usikubali bawaba za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu. Nenda na sumaku dukani, ikinasa si brasi. Zangu hapa Unguja zilishika kutu zikachafua mbao, na doa hilo msasa hauliondoi upesi.

Fundi wa Jioni
Nimerudi. Nimemsikiliza mzee, nimechimba ya brasi. Mlango unaingia vizuri, mwanya upande wa bawaba ni mwembamba kama karatasi, lakini nikiufunga unarudi wenyewe kama una springi.

Mzee wa Randa
Umechimba kina kupita unene wa bapa, yaani bawa la bawaba linalofungwa skrubu, bawaba inakabana kabla mlango haujafika. Usinunue kitu. Kata kipande cha boksi la sabuni, kiweke chini ya bapa, funga tena. Kimoja kisipotosha weka viwili.

Fundi wa Jioni
Viwili. Umefunga.