Naomba ushauri: kutenganisha salfa na risasi kwa hadubini ya elektroni

Ndugu wataalamu na wanachama wenzangu, habari zenu.

Ninachunguza chembe za madini kwa hadubini ya elektroni yenye kigunduzi kinachopima nishati ya eksirei, nikitaka kujua kama madini ya risasi yaliyomo ni salfaidi (risasi iliyoungana na salfa) au kabonati (risasi iliyoungana na kaboni na oksijeni). Tatizo ni kwamba mstari wa K wa salfa (yaani nishati maalumu ya eksirei ambayo elementi hutoa; herufi K, L na M hutaja tabaka la elektroni inakotoka) uko kwenye keV (kilo-elektronivolti) 2.31 na mstari wa M wa risasi kwenye keV 2.35, tofauti ndogo mno kwa kigunduzi ambacho vilele vyake (miinuko kwenye grafu ya nishati) vina upana wa takribani eV 130, yaani keV 0.13, hivyo naona kilele kimoja tu, na programu huandika salfa hata pale ninapotilia shaka kama ipo.

Kwa volteji ya kuharakisha elektroni, nilianza na kilovolti 10, kisha nikapandisha hadi 20. Mstari wa L wa risasi ukajitokeza kwenye keV 10.55 na kuthibitisha kuwa risasi ipo, lakini haukuniambia lolote kuhusu salfa. Ili zipitishe umeme, sampuli za kwanza nilizipaka dhahabu, kosa ninalolijutia, kwani mstari wake wa M, keV 2.12, huvuruga eneo lile lile. Sasa napaka kaboni, nayo inanizuia kuitumia kaboni kama ushahidi wa kabonati.

Je, hesabu ya programu ya kutenganisha vilele inaaminika nikiijaribu kwanza kwa sampuli rejea za salfaidi na kabonati ya risasi, au ni lazima nitumie kigunduzi kinachopima urefu wa mawimbi ya eksirei? Na je, kilele cha oksijeni cha keV 0.53 kinatosha kuwa ushahidi ikiwa uso wa sampuli umesuguliwa vizuri?

Natanguliza shukrani.