Mjadala: Je, watunza bustani wasikilizwe kabla ya Mombasa kupandwa miti?

Mtoa mada, Kisauni:
Masika yakikaribia, miche hupandwa kando ya barabara zetu na katika viwanja vya umma, na aghalabu mwenye kuichagua ni mtu wa ofisini. Naona orodha ya miche hiyo isipitishwe kabla ya kuwasikiliza watunza bustani, wakiwemo wenye vitalu vya kando ya barabara. Mtunza bustani mzoefu haondoi gogo kavu lililo karibu na mpasheni wake, kwa kuwa anajua kwamba ndani ya matundu yale wanakaa nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, na kwamba nyuki wa asali ni mdogo mno kuweza kulichavusha vizuri ua la pasheni. Hafukuzi popo mbuyu unapochanua, kwani ua lake hufunguka jioni na popo ni miongoni mwa wachavushaji wake. Mchunga na mnavu, ambayo vibarua wa usafi huing'oa kama magugu, yeye huiacha kwa kuwa ni mboga. Tena Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 69, inaitaka serikali ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bayoanuwai.

Mchangiaji, Likoni:
Ndugu yangu, kuhusu popo na nyuki sina ubishi. Lakini mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi, ulipendwa na watu hao hao kwa kivuli na kwa dawa, ukapandwa uani kote, na leo unajiotea wenyewe hata ndani ya misitu ya asili ya pwani na kuibana miti ya kienyeji. Mwenye kitalu huotesha kinachonunuliwa. Tusimtwike kazi ya mtaalamu wa mimea.

Mchangiaji, Mji wa Kale:
Nami nauliza, ni nani anayehesabiwa mtunza bustani? Mama anayetunza asumini na mrihani kwa ajili ya vikuba, yaani vishada vya maua ya kujipamba, hana kitalu wala kibao barabarani, na sijapata kusikia akiitwa kikaoni.

Mtoa mada:
Swali la Mji wa Kale lina uzito, na mama huyo aitwe. Kwa ndugu wa Likoni, sikusema mtaalamu aondolewe. Pale Bamburi, René Haller alipoanza mwaka 1971 kufufua machimbo ya saruji, mti wa mvinje ulikubali kuota juu ya mwamba mtupu, ila majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, hadi ilipoonekana kwamba jongoo wa hapa hapa huyala na kuyageuza udongo. Haller alikuwa msomi wa kilimo, lakini jambo hilo lilijulikana kwa kuchungulia chini ya majani, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtunza bustani. Hata mwarobaini, ambao mbegu zake husambazwa na ndege, wa kwanza kuuona ukijiotea chini ya matawi wanakotua ni yule anayefagia hapo kila asubuhi. Aulizwe basi kabla ya orodha kutiwa saini, na alipwe posho ya kikao kama wanavyolipwa wengine.

Mchangiaji, Likoni:
Hapo kwenye posho ndipo kaunti itakapokwama.