Naomba ushauri: pini za usukani za bronzi ya kufuliwa

Assalaam aleikum ndugu zangu mafundi. Jahazi limepandishwa Matondoni, Lamu, pini mbili za unene wa milimita 32, ambazo usukani hugeukia, zinabadilishwa. Nataka bronzi ya kufuliwa yenye aluminiamu karibu asilimia 10, nikeli 5 na chuma kidogo. Ya kumiminwa naihofia kwa kazi hii: huweza kuficha vitundu vya hewa, na pini huanza kupasuka penye vitundu hivyo mawimbi yakiupiga usukani. Kuifua ikiwa moto, nyuzi 800 hadi 900 hivi za Selsiasi, hubana vitundu hivyo.

Brasi siitaki kabisa. Yenye zinki asilimia 40 huliwa na maji ya chumvi: zinki hutoka, hubaki shaba nyekundu yenye matundu, isiyo na nguvu. Na ile iitwayo bronzi ya manganizi ni brasi hiyo hiyo, jihadharini.

Kinachonisumbua ni misumari ya jahazi, ambayo ni ya chuma. Ikigusana na bronzi ndani ya maji, chuma ndicho kitakacholiwa. Je, bushi za nailoni, yaani vibomba vifupi vya kuvisha pini, zatosha kuvitenganisha, au niongeze kipande cha zinki kiliwe badala ya chuma? Nailoni huvimba ikinywa maji, basi niache nafasi gani kuzunguka pini?

Tena, fimbo za dukani hazina cheti. Uzito hutambulisha aina: bronzi hii ni takriban gramu 7.6 kwa sentimita moja ya ujazo, brasi 8.4. Lakini iliyofuliwa na iliyomiminwa vizuri hulingana uzito. Mwazitofautishaje kabla ya kulipa?