Deep Purple laivu: hizi rekodi mbili za Japan ni bendi moja kweli?

Kijana wa Solo
Wakuu kwema? Naomba msaada wa wale mnaoijua Deep Purple, ile bendi ya roki ya Uingereza, kwa undani. Made in Japan ya 1972 naijua nje ndani, mpaka pale mwimbaji Gillan anapomwambia fundi mitambo apandishe kila kitu kiwe juu kuliko kila kitu. Sasa juzi nikakutana na nyingine inaitwa Last Concert in Japan, nikajua ndo walewale wamerudi tena Tokyo, nikavaa hedifoni nikazima na simu kabisa nisisumbuliwe.

Dah. Gitaa liko mbali huko, jamaa anagusa nyuzi mbili tatu anaacha. Waimbaji wawili, mmoja ana sauti nzito ya kifua na mwingine anapanda juu kwa juu utadhani yuko kanisani Marekani, na katikati ya wimbo wa Smoke on the Water kabisa akachomekea Georgia on My Mind, yaani nilirudisha nyuma nikadhani faili langu limechanganyika. Hivi ilikuwaje? Ni bendi hiyohiyo au watu walichukua jina tu? Na baada ya hapa nisikilize laivu ipi, maana sitaki kudanganyika tena na neno Japan kwenye jalada.

Mzee Santuri
Kijana karibu chamani. Jina ni lilelile, ila kati ya rekodi hizo mbili kuna miaka mitatu na watu watatu kati ya watano walishaondoka.

Hiyo Made in Japan ndo kikosi mashabiki tunakiita Mark II: Gillan anaimba, Blackmore gitaa, Glover besi, Lord kinanda, Paice dramu. Walirekodi Osaka tarehe 15 na 16 Agosti 1972, kisha ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 17. Walikuwa wamechoka, wanazungushwa shoo juu ya shoo, na Gillan na Blackmore hawaongei vizuri. Katikati ya 1973 Gillan akaaga, na Glover naye akaonyeshwa mlango, na shoo yao ya mwisho ilikuwa hukohuko Osaka. Wakaletwa David Coverdale, kijana aliyekuwa anauza nguo dukani kaskazini mwa Uingereza na hakuna aliyemjua, pamoja na Glenn Hughes kutoka bendi ya Trapeze, huyo besi anapiga na kuimba anaimba. Hao ndo waimbaji wako wawili. Mwenye kifua ni Coverdale, na aliyekuchomekea Georgia ni Hughes, mtu wa soul huyo mpaka kwenye mifupa.

Blackmore akaona bendi inaelekea kwenye fanki na soul, hakutaka, Aprili 1975 akaondoka akaenda kuanzisha bendi ya Rainbow na mwimbaji Ronnie James Dio. Ndo akaingia Tommy Bolin, Mmarekani, fundi kwelikweli. Coverdale alimnasa kwa kumsikia kwenye Spectrum ya mpiga dramu Billy Cobham, na kwa anayejua jazi ile albamu hapigi mtu wa kubahatisha.

Sasa usiku wako huo ni Budokan tarehe 15 Desemba 1975. Siku chache kabla walikuwa Jakarta, huko mmoja wa watu wao wa ulinzi alifariki kwa kuanguka kwenye shimo la lifti, bendi ikatoka pale imechanganyikiwa. Halafu Bolin alikuwa anatumia dawa za kulevya. Akalala akaulalia mkono, mkono ukafa ganzi, vidole vya kushoto haviendi. Akapanda jukwaani hivyohivyo. Sikiliza tena wimbo wa Burn, zile sehemu za gitaa unazozijua Lord ndo anazibeba kwa kinanda, Bolin anasaidia pale anapoweza. Machi 1976 bendi ikavunjika baada ya shoo ya Liverpool, Desemba mwaka huohuo Bolin akafariki Miami akiwa na miaka 25. Rekodi ikatolewa 1977, bendi haipo na mpiga gitaa hayupo, sijui nani aliona hilo ni wazo zuri.

msikilizaji_tu
Bila Blackmore hakuna Deep Purple. Hayo mengine ni biashara ya jina.

Dada Besi
@msikilizaji_tu mmeanza. Paice je? Ndiye pekee aliyekuwepo tangu 1968 mpaka leo, vikosi vyote, na hakuna anayemtaja mpaka mtu aulize nani anapiga dramu. Sisi watu wa Msondo na Sikinde habari ya kuhama bendi haitushtui, Gurumo na Bitchuka wamehama na kurudi na watu waliendelea kucheza.

Ila nirudi kwa Kijana. Usimhukumu Bolin kwa usiku mmoja alioumia mkono jamani. Tafuta laivu ya Long Beach ya Februari 1976, ilirekodiwa kwa ajili ya redio, kikosi ni kilekile cha Budokan lakini mkono umepona, na hapo ndo utaelewa kwa nini walimchukua. Sio Blackmore na wala hajaribu kuwa Blackmore. Anazichezea nyimbo za zamani kwa namna ambayo wahafidhina wanakunja sura, mimi naipenda. Na hiyo Budokan yenyewe kuna toleo la 2001, This Time Around, limeweka shoo nzima na sauti imesafishwa. Mkono ni uleule lakini angalau besi ya Hughes unaisikia inavyotembea, kwenye santuri ile ya 1977 ilizama.

Halafu kuna Made in Europe, hii watu wanairuka sijui kwa nini. Ni siku za mwisho za Blackmore Aprili 1975, Graz, Saarbrücken na Paris, nyimbo zote ni za enzi za Coverdale na Hughes, hakuna Smoke wala Highway Star. Sikiliza Mistreated humo. Blackmore anaanza kwa noti chache tu, anaziacha zining'inie, anasubiri mpaka uanze kujiuliza kama amesahau, ndo anashuka na rifu. Mtu ameshaamua kuondoka lakini anapiga hivyo. Kwangu mimi hiyo inapita solo nyingi za Made in Japan, nitukaneni tu.

Mzee Santuri
Dada hapo kwenye kupita Made in Japan umenigusa pabaya, lakini Mistreated nakupa.

@msikilizaji_tu hilo la biashara ya jina lilishafika mahakamani mkuu. Mwaka 1980 mwimbaji wao wa kwanza kabisa, Rod Evans, alikusanya watu ambao hawajawahi kukanyaga bendi hiyo wakazunguka Amerika wakijiita Deep Purple. Watu wanalipa kiingilio wanakuta sura hawazijui, vurugu. Wenye jina wakamshtaki, akaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola laki 6 na mirabaha yake ya zile albamu za mwanzo ikaenda nayo. Kwa hiyo mahakama ilikuwa na jibu lake, na jibu halikuwa "mwanzilishi mmoja anatosha". Ukija na hoja ya Blackmore ujue Evans naye alikuwepo tangu 1968.

Kinanda255
Mimi niongezee upande wa mitambo maana Kijana amesema anasikiliza kwa hedifoni. Ukisikia Made in Japan inanguruma upande ambao sio wa gitaa, hiyo ni ogani. Jon Lord alichukua Hammond yake akaichomeka kwenye amplifaya za Marshall, zilezile za gitaa, ndo maana ikishikana na Stratocaster ya Blackmore unashindwa kujua nani ni nani. Anza na Highway Star, kabla wimbo haujaingia unasikia Paice anapasha moto kwenye dramu, ogani inajivuta pole pole, gitaa linatikisa, kila mtu anajiweka sawa halafu ghafla gari limeshaondoka na wewe uko ndani.

Cha kuchekesha ile albamu wenyewe hawakuitaka. Kampuni ya Japan ndo iliomba, bendi ikakubali kwa shingo upande kwa sharti wafanye na fundi wao Martin Birch, bajeti ndogo, na mwanzoni iuzwe Japan tu. Kwenda kuchanganya sauti wakatokea Glover na Paice, wengine hawakujisumbua. Hakuna kilichopigwa upya studio. Kati ya nyimbo saba za santuri, nne ni za usiku wa pili Osaka, mbili ni za Tokyo, na Smoke on the Water peke yake ndo ya usiku wa kwanza.

Na pale kwenye Strange Kind of Woman, Blackmore anapiga kipande Gillan anakirudia kwa koo, anapandisha Gillan anafuata, anapandisha tena, mpaka mwisho Gillan anatoa ukelele ambao gitaa halina pa kwenda. Kumbuka hao ni watu wawili waliokuwa hawasalimiani vizuri hotelini.

msikilizaji_tu
Ndo nachosema mimi. Huo ugomvi ndo ulikuwa muziki wenyewe. Steve Morse aliyekuja kushika gitaa baadaye ni mtu safi, alipiga vizuri, kila mtu anatabasamu, sasa hatari ilikuwa wapi?

Dada Besi
Hatari unaitaka? Tazama video ya Birmingham, Novemba 1993, bendi ilishaungana tena na Blackmore alikuwa amerudi. Wimbo wa kwanza unaanza Blackmore hayupo jukwaani, anakuja kwa wakati anaoutaka yeye, halafu anammwagia maji mpiga kamera. Wenzake wanapiga huku wanamwangalia pembeni. Siku chache baadaye kaondoka moja kwa moja na shoo za Japan zinawasubiri, ikabidi Joe Satriani aje kuziba pengo. Uhuni huo ulifaa kwenye tamasha la California Jam 1974, pale alipoidunga kamera ya televisheni kwa gitaa na amplifaya ikalipuka moto, alikuwa kijana. 1993 ilikuwa uchovu tu.

Morse alikaa kuanzia 1994 mpaka 2022 alipotoka kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Hiyo ni miaka mingi kuliko vipindi vyote viwili vya Blackmore ukivijumlisha. Sikiliza laivu ya ukumbi wa Olympia, Paris, 1996 ndo uje tuongee. Hata Lord mwenyewe alibaki naye mpaka 2002 alipomwachia Don Airey kinanda.

msikilizaji_tu
Nimeshaisikiliza. Safi sana. Ndo tatizo langu hilo.

Kijana wa Solo
😂😂 aisee nimefungua nyuki. Asanteni wakubwa. Nimeirudia ile Burn ya Budokan baada ya maelezo ya Mzee, ni kweli kabisa, pale solo inapotakiwa kulia ogani inaingia na unamsikia Bolin anagusa chini yake taratibu, sasa naisikiliza kwa huruma badala ya hasira. Long Beach naanza nayo leo. Swali la mwisho, kuna boksi la Made in Japan lenye usiku wote watatu, lina maana yoyote au ni nyimbo zilezile mara tatu?

Kinanda255
Ni nyimbo zilezile mara tatu na ndo raha yake, maana hakuna solo inayofanana. Lililotoka 1993 ni CD tatu na limeacha nje baadhi ya vipande, la 2014 ndo limekamilika. Usizisikilize mfululizo utachoka, Space Truckin' peke yake inakaribia dakika 20. Chukua wimbo wa Lazy uusikilize usiku mmoja mmoja, fuatilia Lord tu pale anapoanza peke yake kabla wengine hawajaingia, kila usiku anaufungua kivyake.

Mzee Santuri
Na Child in Time ya tarehe 16 usiisikilize ukiwa unaendesha.