MJADALA: Baba wa maikroprosesa ni nani? Mimi simpi Intel taji lote

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Hadithi tuliyozoea ni fupi: Novemba 1971 Intel walitangaza chipu ya 4004, na maikroprosesa, yaani ubongo wa kompyuta ndani ya chipu moja, ikazaliwa. Sina ugomvi na 4004. Ilikuwa ya biti nne (tarakimu nne za 0 au 1 kwa mpigo), transista (swichi ndogo za umeme) 2,300 hivi, na iliundwa kwa ajili ya vikokotoo vya Busicom, kampuni ya Kijapani. Ila kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel au AMD unayotumia leo haitokani na hiyo. Ukoo wake unaanzia kwa 8008 ya mwaka 1972, na maagizo ya 8008, yaani amri ambazo prosesa inazielewa, hayakubuniwa Intel.

Yalibuniwa na Victor Poor na Harry Pyle kwa ajili ya Datapoint 2200, mashine ya mezani ya Computer Terminal Corporation ya San Antonio, Texas. Kampuni hiyo iliwaendea Intel na Texas Instruments: tutengenezeeni prosesa nzima ndani ya chipu moja. Ya Texas Instruments ilitangulia, ikakataliwa. Ya Intel ilichelewa, na wenye Datapoint wakaona bodi lao la chipu za kawaida linatosha. Ili wasilipie gharama, wakawaachia Intel haki za muundo. Biashara mbovu kuliko hii sijaisikia.

Mnataka ushahidi? Memori ya Datapoint 2200 ilitoa biti kwa foleni, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo namba ndefu ilibidi ianze na baiti (kifungu cha biti nane) yake ndogo, kama tulivyojumlisha darasa la pili: mamoja kwanza, kisha unabeba. 8008 ikaurithi utaratibu huo, ikafuata 8080, kisha 8086, mpaka leo. Memori ya foleni ilikufa zamani, utaratibu wake umebaki. Haya, semeni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kitanda hakizai haramu. Mtoto kazaliwa nyumbani kwa Intel, ni wa Intel.

Orodha ya maagizo kwenye karatasi wengi wangeweza kuiandika. Kazi ilikuwa kuibana kwenye kipande kimoja cha silikoni. Federico Faggin alitoka Fairchild, alikokuwa ameendeleza teknolojia ya geti za silikoni (namna ya kutengeneza transista), akaingia Intel Aprili 1970. Ted Hoff na Stan Mazor walikuwa wameshatoa wazo la chipu moja ya kazi nyingi, ila wazo lilikuwa limekaa tu, na mteja ndiyo huyo anatua kutoka Japani kukagua mchoro ambao haupo. Mapema 1971 chipu ilikuwa inafanya kazi. Faggin akaichora herufi F.F. pembeni, na hakuna wa kumlaumu. Hiyo 8008 unayoiimba aliisimamia yeye, Hal Feeney akichora. Hao wa San Antonio walikuwa na hitaji, basi.

Mchangiaji wa pili:
Mnagombania ubaba bila kukubaliana mtoto ni yupi. Prosesa ya ndege ya kivita F-14, kazi ya akina Ray Holt na Steve Geller, ilikamilika 1970, lakini ilikuwa chipu kadhaa zinazoshirikiana, na jeshi liliificha mpaka 1998. Chipu ya AL1 ya Lee Boysel ni ya 1969. Kwenye mashine za kampuni yake, Four-Phase, ilitumika kwa kuunganishwa chipu kadhaa, ila 1995 Boysel alionyesha mbele ya mahakama kompyuta iliyotumia AL1 moja tu, na ikafanya kazi.

Hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) nazo ni vichekesho. Mwaka 1990 Marekani ilimpa Gilbert Hyatt hataza ya kompyuta ya chipu moja, watu wakashangaa huyu ametokea wapi. Mwaka 1996 ofisi hiyo hiyo ya hataza ikaamua kwamba Gary Boone wa Texas Instruments ndiye aliyetangulia. Mkisema hataza ya chipu moja, jibu ni Boone. Mkisema iliyouzwa kwa yeyote anayetaka, ni 4004. Mleta mada umebadilisha swali ukauliza ukoo.

Mchangiaji wa tatu:
Na huo ukoo wenyewe ni wa nusu tu. Hapa wengi tunachangia kwa simu, na simu zetu zina prosesa za ukoo mwingine, ARM. Hiyo ilibuniwa Cambridge, Uingereza, na Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya kompyuta ya Acorn, chipu ya kwanza ikatoka Aprili 1985 ikiwa na transista 25,000 hivi. Acorn walikuwa wameilea kompyuta yao ya BBC Micro juu ya 6502, maikroprosesa iliyouzwa dola 25 mwaka 1975 wakati washindani wakidai mamia. Kilichowapa moyo ni kwenda Arizona na kukuta kikundi kidogo tu kinachora mrithi wa 6502. Intel hawamo, San Antonio hawamo.

Halafu ushahidi wako haushiki. 6502 nayo huanza na baiti ndogo, na haikurithi chochote San Antonio.

Mleta mada:
Sawa, achana na baiti. Chukua biti ya pariti. Mashine ya mezani iliyopokea herufi kwa laini ya simu ilihitaji kujua kama idadi ya tarakimu 1 katika baiti ni shufwa au witiri, ili kugundua makosa. 8008 ikaiweka. 6502 haina, kwa sababu mchoraji wake hakuwa na laini ya simu kichwani. Prosesa ya leo ya biti 64 bado inayo, na bado inakagua baiti moja tu ya chini. Nani mwingine aliyehitaji kitu hicho?

Mchangiaji wa nne:
Nimesoma mpaka hapa, huyo "mteja kutoka Japani" bado hana jina. Anaitwa Masatoshi Shima. Alichora mantiki ya 4004 bega kwa bega na Faggin, akarudi Intel kuichora 8080, kisha akamfuata Faggin kwenda Zilog na kuichora Z80, ambayo Zilog walitangaza kuisitisha 2024 tu. Medali ya taifa ya teknolojia ya Marekani ya 2009 walipewa Hoff, Faggin na Mazor. Tuzo ya Kyoto ya 1997 ilikwenda kwa wote wanne. Kura yangu kwa Shima, na anayepinga anitajie mwingine mwenye chipu tatu za namna hiyo.