Mchoro umefutika, faini ni halali kweli?

Jamani wa Malindi nisaidieni, jana nimempeleka mamangu sokoni, anatembea na magongo, nikapaki sehemu ya walemavu, kadi yake ya ulemavu tukaisahau kwa mkoba mwingine, kurudi gurudumu lina klampu na risiti ya faini kwa wipa. Namuonyesha askari yale magongo, ati sheria ni sheria. Na ule mchoro wa kiti cha magurudumu chini umefutika, umebaki kipande cha duara tu! Nilipe au nipinge?

Re: Pole ndugu. Piga picha hiyo rangi leo leo kabla hawajaipaka upya, risiti weka. Kisha andika barua uombe sababu kwa maandishi, Katiba ya 2010 kifungu cha 47 kinakupa hiyo haki, ambatisha kopi ya kadi. Wakikataa, unaomba kesi ipelekwe kortini.

Re: Mi natumia kiti cha magurudumu na nitasema ukweli, kadi muhimu. Kila siku nakuta probox imejaa mikungu ya ndizi hapo, dereva ananambia "dakika mbili tu bro". Askari atajuaje nani mkweli? Lakini alipoona magongo angetumia akili, hapo alikosea.

Re: Na boda wanaopaki hapo mbona hawafungwi 😂

Muulizaji: Shukran wote. Picha nishapiga, mama amesema kadi sasa inakaa kwa gari, ameifunga na uzi kwa kioo.